Tabibu Paskazia na meno yasiyorudi

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu, Tabibu Paskazia ameinama juu ya mdomo wa mtu na amekasirika. Wala hafichi.

Kwenye kiti amelala Pantaleo, mchimbaji mdogo wa almasi mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Shavu lake la kushoto limevimba mpaka jicho limebaki mstari. Paskazia anaingiza kibanio chembamba kwenye jino la pili kutoka mwisho, upande wa chini, anavuta bonge la bigijii lililogeuka kijivu na kulitupa kwenye ndoo. Anaingiza tena. Safari hii kitu kigumu kinadondoka kwenye trei ya chuma na kulia.

Anakiokota na kukiinua mbele ya taa. Ni kijiwe cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama.

“Pantaleo, hiki nini?”

“Nilikuwa nimekihifadhi tu, mayu,” anajibu Pantaleo kwa ulimi mzito wa ganzi, akimwita mama kwa Kisukuma kwa matumaini ya kuhurumiwa.

“Umekihifadhi? Kwenye jino langu?”

Ndivyo anavyoyaita meno ya wagonjwa wake. Jino akishalifungua ni lake, na hasira yake asubuhi hii ni ya mtu aliyekuta jirani amefuga kuku kwenye sebule yake.

Jino hilo alilifungua wiki tano zilizopita. Alitoa uozo, akasafisha mizizi, akaweka dawa na kuziba kwa kizibo cha muda, kisha akamwambia Pantaleo arudi baada ya siku kumi. Pantaleo hakurudi. Kizibo kikang'oka wakati anakula muwa. Shimo likabaki wazi, halimuumi, na mtu anayelala chumba kimoja na wenzake wanane hawezi kuona shimo zuri kama hilo akaliacha bure.

“Nilikipata kwenye mabaki ya kokoto, ni halali yangu,” anaeleza baada ya usaha kutolewa na maumivu kupungua. “Sasa mfukoni kinaibwa. Kwenye kiatu kinaibwa. Mdomoni nani atakitafuta? Nikafunika na bigijii. Nilipanga Jumamosi nikipeleke kwa dalali, Ijumaa nikaamka sina shavu, nina boga.”

Paskazia anaweka kijiwe kwenye bahasha ndogo ya vidonge, anampa mwenyewe, kisha anakaa kwenye kistuli chake na kushusha pumzi. “Nilisomea meno,” anasema bila kumtazama mtu. “Hawakunifundisha kutunza vito.”

Siku mbili baadaye, dalali mmoja wa Maganzo alikitazama kijiwe hicho kwa kioo chake, hakukitazama mara mbili, akakirudisha. Lilikuwa jiwe la kawaida.

Paskazia ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa tabibu wa kinywa na meno. Kituo cha afya anachofanyia kazi, ambacho uongozi wake uliomba kisitajwe jina, kipo nje kidogo ya Maganzo, wilayani Kishapu, kando ya barabara iendayo Mwanza. Wagonjwa wake ni wakulima na wafugaji wa Songwa na vijiji vya jirani, wauza duka, madalali na, zaidi ya wote, wachimbaji wadogo ambao leo wapo hapa na kesho wamesikia dhahabu imetoka Geita.

Alizaliwa Samuye, mtoto wa nne wa mfugaji. Akiwa kidato cha pili, jino lake la mbele liliuma siku tatu mfululizo. Zahanati ya wakati huo ilikuwa na koleo na nia njema, basi. Likang'olewa.

“Lilikuwa jino zima kwa nje. Lilioza ndani tu,” anasema. “Leo ningelitibu kwa saa moja na nusu. Nililia wiki nzima, si kwa maumivu. Wasichana wenzangu walinipa jina, na hilo jina silitaji.” Pengo lilizibwa zamani kwa jino la bandia, lakini mpaka leo Paskazia akicheka mkono wake wa kulia hupanda wenyewe kufunika mdomo.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, kituo kilipopata msaada wa mashine ya kusafishia mizizi ya meno pamoja na eksirei ndogo, alijitolea kwenda Mwanza kusomea kazi hiyo kwa miezi sita, akimwacha binti yake Nelly kwa dada yake. Alirudi akiamini koleo litapumzika.

Kazi yenyewe anaieleza kwa lugha ya nyumbani. “Ndani ya jino kuna nyama, ina damu na ina mshipa wa fahamu. Ikioza, mtu anaweza kung'oa jino lote. Au anaweza kuitoa hiyo nyama iliyooza, akasafisha mizizi mpaka mwisho, akaijaza na kuziba. Jino linabaki linatafuna.”

Ugomvi unaanza kwenye swali moja: je, hayo yote yafanyike siku moja, au mgonjwa aende na kurudi?

Paskazia alifundishwa kwenda na kurudi. Siku ya kwanza unafungua na kusafisha, unaweka dawa nyeupe ya chokaa inayoua wadudu waliojificha, unaziba kwa muda. Wiki moja au mbili baadaye unafungua tena, na mizizi ikiwa mikavu, unajaza na kufunga moja kwa moja. Mgonjwa analipa shilingi elfu sitini kwa safari zote. Kung'oa ni elfu kumi na tano.

Ni utaratibu mzuri kwa watu wanaorudi. Daftari lake, lenye jalada gumu la bluu, lilionyesha mwanzoni mwa Juni kwamba meno sitini na matatu yalikuwa yameanzwa. Yaliyokamilika yalikuwa ishirini na moja.

“Nikiwapigia simu nataka kupasuka,” anasema, na kuanza kuwaigiza mmoja mmoja. “‘Jino likoje?’ ‘Limepona, mayu, halinisumbui tena.’ Halijapona! Nimelinyamazisha tu! ‘Upo wapi?’ ‘Nipo Lwamgasa, kuna rashi huku, dhahabu imetoka.’ Mwingine ananiambia kizibo kilikuwa na ladha mbaya, akakitoa kwa msumari. Mwingine amekwenda Katoro, kikang'oka, jino likamkamata, akang'oa huko huko. Jino langu! Nililisafisha saa nzima!”

Kwa hasira hiyo hakuwa peke yake. Dk Bashiri, mganga mfawidhi wa kituo, naye alikuwa amelisoma daftari la bluu.

Ni mtu mpole, mzaliwa wa Shinyanga mjini, anayezungumza taratibu hata anapotoa habari mbaya. “Jino lililoanzwa likaachwa ni baya kuliko lililong'olewa,” anasema. “Tunatoboa mlango, halafu tunaondoka na kuuacha wazi. Nilimwambia Mama Nelly ukweli. Mashine ile wenzetu wanaihitaji. Kama mpaka mwisho wa Juni nusu ya meno aliyoyaanza hayajakamilika, naihamishia kituo kingine. Sisi tutabaki na koleo.”

Koleo. Paskazia anasema alipolisikia neno hilo alihisi amerudi kidato cha pili.

Alimjibu bosi wake kwamba dawa ipo: meno yanayofaa yamalizwe siku moja. Alimletea karatasi alizopewa Mwanza. Kwa maelezo yake, watafiti waliolinganisha njia hizo mbili hawakuona tofauti kubwa ya kupona. Kilichoonekana zaidi ni kwamba aliyemaliza siku moja huweza kuumia zaidi siku za mwanzo na kumeza dawa nyingi za maumivu.

“Haraka haraka haina baraka, Mama Nelly,” alisema Dk Bashiri.

“Na ngojangoja yaumiza matumbo, Daktari. Hapa yanaumiza mashavu.”

“Jino lenye usaha ukilifunga siku hiyo hiyo, umefungia moto ndani ya nyumba.”

“Nani kasema nifunge lenye usaha? Nasema lililo kavu!”

Walikuwa wamepatana bila kujua, kama wanandoa. Mwishowe Dk Bashiri alikubali: kavu limalizwe siku moja, lenye usaha lirudi. Lakini tarehe ya mwisho wa Juni ilibaki pale pale.

Mtu wa kwanza kumalizwa siku moja alikuwa Nyamizi, mkulima wa Songwa mwenye umri wa miaka hamsini na moja. Jino lake lilikuwa limekufa kimya kimya, halina uvimbe wala usaha. Paskazia alilimaliza kwa saa moja na dakika arobaini, akampa dawa za maumivu, akamwonya kwamba siku mbili tatu litamkumbusha.

Siku ya tatu Nyamizi alirudi, kanga ameifunga kichwani mpaka chini ya kidevu, hakungoja hata salamu ya “mwangaluka” ijibiwe.

“Mayu, jino nililokuja nalo halikuwa linauma hivi! Umenitibu au umenitonesha?”

“Dawa nilizokupa umemeza?”

“Nilimpa mume wangu. Mgongo unamsumbua.”

Paskazia anasimulia kisa hicho huku amefumba macho. Alimpa dawa nyingine na kumsimamia akimeza za kwanza mbele yake. Siku ya tano maumivu yaliisha. Wiki iliyofuata Nyamizi alituma kuku kwa bodaboda, bila ujumbe wowote.

Kuku hakumtoa Paskazia kwenye shida. Wakulima wa Songwa hawakuwa tatizo. Akiwapangia siku ya mnada, wanakuja, wanauza mbuzi, wanapita kwake. Tatizo lilikuwa wachimbaji. Aliwaandikia tarehe kwenye kadi, akaizungushia wino mwekundu. Aliwapigia simu. Aliwatukana kidogo. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Jibu alilipata Jumatatu ile ya kijiwe, kwa Pantaleo, wakati anamwekea dawa na kizibo kipya. Alikuwa anamwandikia tarehe: Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka hapo ingeangukia siku yenyewe ya mwisho wa mwezi, basi akaandika wiki mbili, tarehe ishirini na tatu.

“Sijui kama nitaweza, mayu,” alisema Pantaleo. “Inategemea na lundo.”

“Lundo gani?”

Pantaleo alishangaa kwamba mtu anaishi Maganzo na hajui. Wachimbaji kumi na wanne wanachimba shimo moja. Kokoto inayotoka wanairundika, wiki nne, tano, hata sita. Lundo likitosha, wanaliosha na kulichekecha lote kwa pamoja, na kinachopatikana kinagawanywa pale pale kwa waliopo. Siku yenyewe haina tarehe. Inategemea mvua, maji, pampu na urefu wa lundo. Na sheria ni moja: asiyekuwepo na lake halipo.

“Nikiondoka siku ya kuosha, jasho langu la wiki tano linakuwa la wenzangu,” alisema. “Mara ya kwanza uliponiambia siku kumi, tulikuwa tunajiandaa kuosha. Ningekuja vipi?”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

Paskazia anakiri kwamba neno hilo lilimuuma kuliko yote. Miaka miwili amewaita watu wazembe, na hakuna siku aliyouliza lundo limefika wapi.

“Nilijikasirikia,” anasema. “Kisha nikawakasirikia na wao tena, kwa sababu na wao wana midomo.”

Alhamisi ya wiki iliyofuata alipanda bodaboda akaenda machimboni, amevaa koti lake jeupe makusudi. Alilikuta lundo la kina Pantaleo limefika kifuani kwa mtu. Alimkuta pia Marwa, kiongozi wa kundi, mtu wa Tarime mwenye miaka arobaini na tatu, aliyepita migodi midogo ya Geita miaka kumi kabla ya kuhamia kwenye almasi.

Marwa alimkaribisha kwa heshima, akampa ndoo iliyogeuzwa akae. Alimweleza kwamba sheria yao ina huruma yake. Mtu mwenye homa, mwenye msiba au mwenye mke anayejifungua anaruhusiwa kutoka siku ya kuosha. Anaacha karai lake kwenye foleni, pale alipokuwa amesimama. Karai likiwepo, mwenyewe anahesabiwa yupo, na mgao wake hauguswi.

“Basi na mwenye jino aache karai,” alisema Paskazia.

“Mama, jino si ugonjwa,” alijibu Marwa bila ubaya wowote. “Mgonjwa analala. Mwenye jino anatembea, anakula, anatukana watu. Nikiruhusu jino, kesho ataniletea mwingine ukucha.”

Paskazia alimweleza juu ya mtu aliyempeleka Shinyanga kwa gari la wagonjwa, shingo imevimba kwa sababu ya jino, hawezi kumeza hata mate yake. Marwa alisikitika sana. Kisha akasema tutaona. Kila mtu wa kanda hii anajua “tutaona” ya mchimbaji maana yake nini.

Kwa wiki hizo mbili Paskazia alifanya kazi kama anayedaiwa. Mgonjwa mpya akiingia, swali la kwanza halikuwa jina. “Mnaosha lini? Lundo limefika wapi?” Lundo likiwa magotini, kuna muda wa kwenda na kurudi. Likiwa kifuani na jino ni kavu, anakaa mpaka limalizike, hata kama foleni nje inanung'unika. Aliwasaka pia wa zamani. Sita walirudi, mmoja kutoka Geita, amejaa vumbi mpaka kope.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, meno yaliyoanzwa yalikuwa sabini na moja. Yaliyokamilika, thelathini na manne. Na asubuhi hiyo hiyo, kina Pantaleo wakaanza kuosha.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo kituoni. Saa nne Pantaleo hakuwepo. Saa tano hakuwepo. “Usiniulize swali lolote,” alisema Paskazia, na akaanza kupanga upya trei ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Saa sita na robo bodaboda ilisimama mlangoni ikiwa na watu wawili, wote wamelowa matope mpaka kiunoni. Wa kwanza alikuwa Pantaleo. Wa pili alikuwa Marwa.

“Shikamoo, mayu. Fanya haraka, tafadhali,” alisema Pantaleo akipanda kitini na matope yake. “Wamesimama.”

“Nani wamesimama?”

Marwa ndiye aliyeeleza. Alfajiri Pantaleo aliweka karai lake kwenye foleni na kutangaza anakwenda kwenye jino. Nusu ya kundi wakasema hiyo si homa wala msiba. Nusu wakasema aende, wote waliliona lile shavu. Maneno yakawa makali. Marwa, kukata ubishi, akaamua kwamba atakwenda naye mwenyewe ashuhudie kwa macho yake kama jino ni ugonjwa, na mpaka warudi hakuna chekeche litakalonyanyuliwa.

“Kwa hiyo watu kumi na wawili wamekaa chini wanangoja jino?” aliuliza Paskazia.

“Wanangoja, Mama. Na wana njaa.”

Paskazia alinawa mikono akisema maneno ambayo gazeti hili halitayaandika. Kisha akaanza. Marwa alikataa kiti. Alisimama miguuni pa Pantaleo, mikono nyuma, mithili ya askari wa mahakama. Kizibo kilipotoka, harufu ikamfikia.

“Kumbe kunanuka,” alisema.

“Na siku ya kwanza ungekimbia.”

Alitazama sindano ndefu nyembamba ikizama ndani ya jino, kisha nyingine, kisha ya tatu. Alitazama picha ya eksirei, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa chini ya mzizi, doa jeusi la ukubwa wa punje ya maharage.

Mizizi ilikuwa mikavu. Saa saba na dakika ishirini jino la Pantaleo lilikuwa limejazwa na kufungwa, namba thelathini na tano. Alishuka kitini mbio. Marwa hakumfuata mara moja.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “na mimi ninalo moja. Tangu Geita.”

“Maliza kuosha. Njoo Ijumaa.”

Siku tatu zilizofuata waliokuja walikuwa wa kung'oa tu. Alhamisi jioni Dk Bashiri alilifungua daftari la bluu, akahesabu kwa kalamu ya risasi, akahesabu tena. “Nusu ya sabini na moja ni thelathini na tano na nusu,” alisema kwa upole wake ule ule. “Umepungukiwa nusu jino, Mama Nelly.”

“Daktari, nusu jino!”

“Bado una siku ya kesho. Jumatatu nafunga hesabu.”

Hesabu haikuhitaji kalamu. Jino la Marwa likianzwa na kumalizwa Ijumaa, yataanzwa sabini na mawili na kukamilika thelathini na sita. Nusu kamili. Mashine inabaki.

Ijumaa saa tatu Marwa alikuwa kitini. Jino la juu kulia, halikuvimba, halikuuma sana, kwa macho lilikuwa jino la kumalizwa siku moja. Paskazia alifungua, akasafisha, akaosha mizizi kwa dawa, kisha akaingiza kijiti cha karatasi kukausha. Kikatoka kimelowa, cha njano.

Akaosha tena. Kijiti kikatoka cha njano. Akangoja dakika kumi, akaosha mara ya tatu, mara ya nne.

“Linalia,” alisema.

Alikaa kwenye kistuli chake akiwa na kijiti mkononi. Dk Bashiri alikuwa chumba cha pili. Hakuna aliyekuwa anatazama isipokuwa mwandishi, ambaye hajui rangi ya kijiti ina maana gani. Angejaza, angefunga, Marwa angeondoka akitabasamu, na labda lingekaa mwaka kabla ya kumvimbisha, akiwa mbali, kwenye shimo jingine.

“Mtu mmoja!” alisema Paskazia, na sauti yake ilikuwa imepanda. “Jino moja! Siku zote yanakuja makavu, leo nataka moja tu kavu, moja, nalo linalia! Kwani nimemkosea nani?”

Kisha akachukua dawa ya chokaa, akaiweka ndani ya mizizi na kuziba kwa kizibo cha muda. Kwenye daftari aliandika “limeanzwa”.

“Rudi Ijumaa ijayo,” alimwambia Marwa, akamweleza kwa nini, na akamweleza pia, bila kuficha, kwamba mashine ya kituo ilikuwa inategemea jino hilo.

Marwa alisikiliza mpaka mwisho. Alitoka nje, akaenda kwenye pikipiki iliyomleta, akarudi na karai lake, lile la kuoshea, lenye ukingo uliopinda. Akaliweka sakafuni chini ya benchi la wagonjwa, karibu na mlango.

“Nipo,” alisema, na akaondoka.

Jumatatu, siku ya mwisho ya Juni, Dk Bashiri alikuta thelathini na tano kati ya sabini na mbili. Aliuliza kwa nini jino la Marwa halikufungwa, naye akaambiwa. “Nisingekusamehe kama ungelifunga,” alisema. Alitoa siku nne zaidi, mpaka Ijumaa, na akasema hatatoa nyingine, maana kituo kinachoingoja mashine kimeshatafuta gari.

Ingekuwa habari njema, isipokuwa kwamba Jumamosi kulisikika kuna dhahabu imetoka upande wa Geita. Watu watano wa kundi la Marwa wamekwisha ondoka. Pantaleo amebaki, anasema jino lake jipya halitaki safari. Marwa mwenyewe haonekani machimboni, na simu yake tangu Jumapili haipatikani.

Mwandishi anaaga Jumanne asubuhi. Paskazia yupo kwenye kistuli chake, amechoka, anazungumzia mipango yake kana kwamba Ijumaa haipo. Anataka kwenye daftari la bluu iwekwe safu mpya, kabla ya ile ya tarehe: lundo limefika wapi. Anataka kuwa anakwenda machimboni kila wiki, akutane na viongozi wa makundi yote, jino liingizwe kwenye sheria pamoja na homa na msiba.

“Watu wananiuliza ipi bora, siku moja au kwenda na kurudi,” anasema. “Jino lenyewe ndilo linaloniambia. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha mwenye jino yupo.”

Na Marwa asipokuja?

“Asipokuja, karai lake nitakaangia maandazi,” anajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. Mkono unapanda kufunika mdomo.

Nje, Mwahija, mfanya usafi wa kituo, amefika na fagio lake chini ya benchi. Karai linamzuia, kama lilivyomzuia jana na juzi. Analinyanyua, anauliza alipeleke stoo.

“Lirudishe!” Paskazia amesimama, kicheko kimekwisha. “Lirudishe hapo hapo, Mwahija. Mwenyewe yupo kwenye foleni.”